Kuwabakiza wafanyakazi wa chombo cha habari: mwongozo kamili kwa wamiliki, mameneja na wahariri

Redio, televisheni na magazeti ya Tanzania yanapoteza watu kwa njia zinazojulikana. Wapo wanaokwenda kuwa maofisa habari wa halmashauri, wizara na taasisi za umma. Wengine huchukuliwa na vitengo vya mawasiliano vya mabenki na mashirika, au huanzisha televisheni zao za mtandaoni. Na upo usajili, kama watu wa redio wanavyouita, pale kituo jirani kinapomchukua mtangazaji wako kama timu inavyochukua mshambuliaji.

Mabosi wengi husema watu hao wanafuata hela. Hela ina nafasi yake, hasa siku ya mwisho mtu anapopima ofa mbili. Lakini aliyetulia kazini huwa hata hasikilizi ofa. Kinachomfanya aanze kusikiliza ni mshahara usiojulikana utaingia lini, mkataba usiokuwepo, zamu inayobadilishwa saa 4 usiku kwenye kundi la WhatsApp, na mhariri anayekaa kimya simu ya mkubwa inapopigwa. Mengi kati ya haya yanarekebishika kabla hujaongeza mshahara hata shilingi moja, na yasiporekebishwa nyongeza haitamshika mtu zaidi ya miezi michache.

Hesabu na vifungu vilivyomo humu ni vya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba abaki na hatua lakini aangalie viwango vya kwake.

Hatua ya 1: Jua nani anaondoka na kutoka wapi

Chukua daftari la malipo la miezi 12 iliyopita. Andika kila aliyeondoka kwa hiari yake: dawati lake, alikaa muda gani, bosi wake wa karibu ni nani, ameenda wapi. Kisha piga hesabu. Walioondoka kwa hiari, gawanya kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi, zidisha kwa 100. Kituo kilichoanza mwaka na watu 36 na kuumaliza na 44 kina wastani wa 40. Wakiondoka 8, hiyo ni asilimia 20.

Namba hiyo peke yake haisemi mengi, igawe. Ikiwa 5 kati ya hao 8 walikuwa chini ya mhariri mmoja, shida yako ina jina. Wakiwa ni watu wa mwaka wa kwanza, angalia unavyoajiri na unavyowapokea. Wakiwa wa mwaka wa tatu hadi wa tano, mara nyingi wamegundua hakuna pa kupanda. Usiwasahau mafundi mitambo, wapiga picha na wahariri wa picha. Vituo huhesabu watangazaji wanaojulikana kwa sauti, kisha fundi mmoja anayejua mtambo mzima anaondoka na kipindi cha asubuhi kinakatika mara tatu ndani ya wiki.

Hatua ya 2: Waulize waliobaki kabla ya kuwauliza wanaoondoka

Mahojiano ya kuaga yana kasoro moja kubwa: anayeondoka anataka barua nzuri ya utambulisho, hivyo atasema anakwenda kujiendeleza. Yafanye, lakini yasifanywe na bosi wake wa moja kwa moja, na mpigie tena baada ya miezi mitatu akiwa ameshatulia huko alikokwenda. Simu hiyo ya pili ndiyo hutoa majibu.

Yenye faida zaidi ni mazungumzo na aliyebaki. Dakika 30, mara mbili kwa mwaka, nje ya kikao cha tathmini. Maswali manne yanatosha:

– Wiki iliyopita, ni kitu gani kilikufanya utake kurudi nyumbani mapema?
– Ni habari au kipindi gani umekifanya mwaka huu ukajisikia vizuri?
– Kuna deni lolote tunalokudai au unalotudai?
– Mtu akikupigia leo na ofa, ungemuuliza nini kwanza?

Swali la tatu hushangaza wengi, na ndilo hufungua mdomo. Andika majibu, chagua jambo moja unaloweza kulimaliza ndani ya wiki mbili, limalize, kisha mrudie umwambie limekwisha. Ukikusanya maoni ya watu 30 na usirudi kwa hata mmoja, mwakani hawatakwambia kitu.

Hatua ya 3: Lipa kwa tarehe, na anza na waandishi wa mikoani

Hapa ndipo vyombo vingi huvuja, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa walioajiriwa, tangaza tarehe moja ya mshahara na uishike. Ikibidi kuchelewa, sema mapema, si chini ya siku tano kabla, na utaje tarehe mpya. Kodi ya nyumba na ada ya shule hazisubiri mteja wa matangazo alipe. Kampuni inayotegemea matangazo hulipwa kwa kuchelewa, hilo linaeleweka, na ndiyo maana akiba ya mishahara ya angalau mwezi mmoja ijengwe kidogo kidogo kwenye akaunti isiyoguswa kwa mafuta ya gari wala ukarabati wa studio.

Kwa mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari, tazama hesabu hii ya mfano. Yuko Kilosa mjini, na kuna mgogoro wa wakulima na wafugaji katika kijiji cha mbali. Bodaboda kwenda na kurudi 20,000, bando 3,000, chakula 5,000. Ametumia shilingi 28,000 kabla hajaandika sentensi moja. Habari ikitoka na kiwango chenu ni 15,000, amekikopesha chombo chako 13,000, na isipotoka amekikopesha zote. Afanye hivyo mara nne kwa mwezi, kisha malipo yacheleweshwe siku 60, na utaona kwa nini habari zake zote siku hizi ni za uzinduzi na semina, mahali ambapo nauli hulipwa na mwenye shughuli na bahasha hutolewa mlangoni. Uhariri wako umeshahamia mikononi mwa mwenye bahasha, na mwandishi mwenye kipaji, aliyeingia kazini akiwa na ndoto, anaona aibu na anatafuta pa kutokea.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

1. Habari inayohitaji safari huagizwa kwa ujumbe ulioandikwa na mhariri mmoja anayejulikana. Nauli na bando vinatumwa kabla ya safari, pamoja na ada ya kutolea.
2. Habari iliyoagizwa ikafika na isitumike kwa sababu za ofisi hulipwa nusu ya kiwango. Iliyokataliwa kwa kasoro ya mwandishi hailipwi, lakini kasoro inaandikwa ili ajue.
3. Dawati linatunza jedwali moja: tarehe ya kupokea, kichwa cha habari, aliyeipokea, uamuzi, sababu, kiasi, gharama za safari. Mwandishi aone mistari yake muda wote.
4. Tarehe 3 ya kila mwezi orodha inatumwa kwa waandishi. Pingamizi mwisho tarehe 6. Tarehe 8 inafika kwa mhasibu, na tarehe 15 fedha ziko kwenye simu.

Kinachoharibika mara nyingi ni nambari 3. Mhariri anapokea habari kwenye simu yake binafsi, anaitumia, hajazi jedwali, halafu mwisho wa mwezi mwandishi anaanza kuombaomba kulipwa alichokifanyia kazi. Fungua namba au barua pepe moja ya dawati na ukatae habari inayoingia kwingine. Kuna ubishi siku za mwanzo, kisha watu huzoea.

Hatua ya 4: Mkataba, hifadhi ya jamii na bima

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: cheo, mahali pa kazi, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Chukua majalada yote wiki hii uone nani hana. Utawakuta vijana waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, wakabaki kwa kujitolea, na sasa wana miaka miwili wanasoma taarifa ya habari kila siku kwa posho ya nauli. Hao ndio kituo jirani huwasajili kwa bei rahisi kuliko wote, kwa sababu anachopewa kule ni mkataba tu. Weka kikomo: miezi mitatu ya kujitolea, kisha uamuzi wa maandishi, ama ajira ama kuagana kwa heshima na cheti.

Wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja huwa na ugonjwa wao. Mkataba unaisha Desemba, ofisi inakaa kimya, na kuanzia Oktoba mtu anatafuta kazi kwa usalama wake. Mwambie miezi mitatu kabla kama utauhuisha. Ukifanya hivyo watu unaowataka hawatapata sababu ya kutafuta.

Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Kosa linaloua uaminifu haraka ni kukata kwenye hati ya mshahara na kutopeleka. Mfanyakazi anaweza kuangalia taarifa yake mwenyewe, na akikuta miezi saba haipo atawaambia wenzake kabla ya saa ya chai. Kama una malimbikizo, wakutanishe watu, taja miezi, taja ratiba ya kulipa, kisha bandika uthibitisho wa kila malipo ubaoni.

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hutolewa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 nayo imevitaka vyombo vya habari viwawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Lichukulie hilo kwa uzito wake. Januari 2022, ajali ya Busega mkoani Simiyu iliua waandishi waliokuwa kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Kila chombo kinachomtuma mtu kwenye msafara kinapaswa kuwa na jibu la maandishi: akiumia nani analipa hospitali, nani anaijulisha familia, na kama mwandishi wa kulipwa kwa habari amo au hamo. Kama hamo, mwambie kabla hajapanda gari, kisha tafuta bima ya ajali ya kundi inayomhusu.

Hatua ya 5: Zamu

Kipindi cha asubuhi kinaanza saa 12, hivyo mtangazaji anaingia saa 10 alfajiri. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku inaisha, mhariri wa picha anabaki kuandaa marudio hadi saa 5. Kazi yenyewe iko hivyo na waliomo wanajua. Wanachochoka nacho ni kutojua wiki ijayo itakuwaje.

Ratiba itoke wiki mbili kabla, na mabadiliko ya dharura yawe na mtu mmoja wa kuyaidhinisha. Kisha ikague kwa vipimo hivi vya sheria:

– Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki.
– Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu.
– Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena zipite saa 12 mfululizo. Makubaliano ya maandishi yanaweza kuzipunguza hadi 8 kwa masharti maalumu.
– Kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo.
– Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.
– Jumapili na sikukuu malipo ni mara mbili.
– Likizo ya mwaka ni siku 28.

Kipimo cha tatu ndicho huvunjwa kila siku. Aliyemaliza saa 5 usiku, mapema kabisa anayoweza kurudi ni saa 5 asubuhi. Kumwita kikao cha saa 3 asubuhi kwa sababu “ni kikao tu” ni kumnyang’anya usingizi kila siku, na baada ya mwaka utashangaa kwa nini anaumwa.

Kuhusu fedha, hesabu yake ni hii. Mshahara wa msingi 600,000 gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45: ni kama 3,077 kwa saa. Saa moja ya ziada ni kama 4,616. Nyongeza ya usiku ni kama 154 kwa saa, na mtu anayefanya kazi saa 2 hadi saa 5 usiku kwa siku 22 anastahili takriban 10,160 kwa mwezi. Ni kidogo mno kwa ofisi kuidhulumu, na mtu akiiona kwenye hati yake ya mshahara anajua kuna anayehesabu.

Usafiri wa usiku ni suala tofauti. Gari la ofisi lipeleke watu hadi nyumbani, si hadi kituoni, hasa wanawake. Mabinti wengi wazuri wa kazi wameacha zamu ya jioni, kisha wakaacha kazi yenyewe, kwa sababu ya nusu kilomita ya gizani kutoka barabarani. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Na mama anaporudi baada ya likizo ya uzazi ya siku 84, usimhamishe kipindi bila kumuuliza.

Hatua ya 6: Mhariri

Mhariri wa dawati kwa kawaida alipandishwa kwa sababu anaandika vizuri. Hakuna aliyemfundisha kukaa na watu. Mpe watu wasiozidi 8, na umfundishe mambo mawili.

La kwanza ni kurudisha kazi. Mwandishi anaporudia kuona habari yake imeandikwa upya bila neno, hajifunzi, anakata tamaa. Mara moja kwa wiki, dakika 10, mhariri aweke nakala mbili mezani, iliyokuja na iliyotoka, aseme alibadilisha nini na kwa nini. Aya ya kwanza ilificha jambo, chanzo kilikuwa kimoja, takwimu haikuwa na mwaka. Makosa yasemwe pale, si kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watu 20. Jina la mwandishi libaki juu ya habari hata kama imefanyiwa kazi kubwa. Mhariri akiweka lake mara mbili, mwandishi hatamletea tena chanzo kizuri.

La pili ni kusimama. Simu itapigwa na mteja mkubwa wa matangazo au mtu mwenye cheo. Weka kanuni ya maandishi: malalamiko yote huenda kwa mhariri mkuu, mwandishi hajibu peke yake, na hakuna habari inayoondolewa bila sababu kuandikwa na mwandishi kuelezwa siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo kwa miaka chini ya mhariri anayemtetea. Akiachwa mara moja aombe radhi peke yake kwa kosa lisilo lake, anaanza kuandika wasifu wake wa kazi.

Hatua ya 7: Ngazi, mafunzo na kazi za pembeni

Katika vyombo vingi njia pekee ya kupanda ni kuwa mhariri. Hivyo mwandishi bora wa mahakama anageuzwa mhariri wa wastani, na mahakama inabaki kwa mwanafunzi. Tengeneza ngazi ya pili, ya mwandishi mwandamizi anayelipwa sawa na mhariri wa dawati akibaki uwanjani. Mwachie eneo lake, iwe mahakama, afya au madini, kwa angalau miaka miwili. Vyanzo vyake ndivyo vinavyomfunga kwako.

Mafunzo ya nje yasiwe zawadi ya watu wa karibu na bosi, bandika nafasi ubaoni. Ukimlipia mtu, kubalianeni muda wa kutumikia unaolingana na gharama, unaopungua kila mwezi. Kumdai mtu miaka mitatu kwa semina ya wiki mbili kunamfanya ahesabu siku kama mfungwa.

Kwa ushereheshaji na chaneli binafsi za YouTube, marufuku ya jumla haisaidii, kwa sababu mtangazaji anayeambiwa achague huwa ameshachagua. Andikeni ukurasa mmoja: hatatumia picha na sauti za kituo bila ruhusa, hatasherehesha shughuli za siasa, hatachapisha kwake habari kabla haijatoka kituoni. Mkitengeneza pamoja kipindi cha mtandaoni, mgawanyo wa mapato uandikwe kabla ya kipindi cha kwanza.

Usajili ukija, kuwa mwangalifu na ofa ya kumzuia. Ukimpandishia mmoja mara mbili kwa sababu tu kapata barua ya jirani, wengine watazitafuta barua hizo. Zungumza naye, msikilize, na kama alistahili kiwango hicho tangu mwanzo basi kagua na wenzake wa ngazi yake.

Uanzie wapi ukiwa na fedha kidogo

Siku 30 za kwanza: hesabu ya hatua ya 1, tarehe ya mshahara, jedwali la waandishi wa mikoani, ratiba ya wiki mbili. Siku 60: mikataba yote imeandikwa, malimbikizo ya NSSF yametajwa hadharani na ratiba yake. Siku 90: wahariri wameanza vikao vya dakika 10, mazungumzo ya waliobaki yamefanyika kwa nusu ya watu. Ngazi ya mishahara na bima pana vifuate bajeti ya mwaka unaofuata. Kosa la kawaida ni kuanza na sherehe ya mfanyakazi bora na fulana mpya huku watu wanadai miezi miwili.

Na anayeondoka, muage vizuri. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Andaa mapema siku zake za likizo zilizobaki, malipo yake na cheti cha utumishi, avipate siku yake ya mwisho kabla hajarudisha kamera. Waliobaki watamuuliza jioni hiyo hiyo kama amelipwa.